Tahadhari: Nane Hiyo Si Nane

Kama una mvinyo wa zabibu ulioufunga kwenye chupa za kioo mwaka huu, na uliufunga kwa sababu refraktomita ilisoma nane, au saba, au kumi, usiende kuzigusa chupa hizo kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Watoto wasiingie chumba hicho. Kama chupa zimepangwa chini ya kitanda au nyuma ya kochi, kama ilivyo kwa wengi wetu tusio na stoo, wahamishe watu, chupa ziache hapo zilipo.

Naandika kwa haraka kwa sababu msimu hautungoji. Zabibu za Agosti na Septemba zimeshakatwa. Mchuzi, yaani juisi iliyokamuliwa, uko kwenye mapipa na ndoo hapa Dodoma, kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi, Mvumi hadi Veyula, na wiki chache zijazo watu wataanza kufunga chupa ili Krismasi iwakute tayari. Joto la Oktoba na Novemba ndilo hilo linakuja. Na refraktomita, kile kifaa kidogo chenye umbo la tochi, ambacho zamani ulikiona kwa watafiti wa kilimo wa Makutupora na kwa watu wa viwandani tu, sasa kimeingia hadi kwenye vikundi vya akina mama na vyumba vya uani. Nakipenda kifaa hicho. Mkulima aliye nacho shambani anajua zabibu zake zimefika wapi kabla hajakata kichala cha kwanza, na hakuna mnunuzi wa kumwambia vinginevyo. Lakini pamoja na kifaa imesambaa kanuni, inapita mdomo kwa mdomo: ikisoma nane, mvinyo umekwisha kuchachuka, funga.

Kanuni hiyo si ya kweli, na ikiendelea kusambaa hivi itapasua chupa usoni mwa watu.

Juma lililopita nilikuwa kwa mama mmoja upande wa barabara ya Iringa. Ni mtu mzima, mchapakazi, aliyeanza kutengeneza mvinyo baada ya zabibu zake kumwozea mara mbili akimsubiri mnunuzi. Nilimwendea kwa habari ya miche, si kwa habari ya mvinyo. Tukasalimiana, mbukwa, mbukwa, akanikaribisha ndani, akanionyesha chupa zake. Zilikuwa zimepangwa ukutani kwa usafi mkubwa, chupa za kahawia za pombe kali zilizooshwa vizuri, vizibo vyeusi vya kusokota. Mvinyo wa mavuno ya Machi, aliufunga mwezi wa saba.

"Hongera sana mama. Mchuzi wako ulianzia ngapi?"

"Kumi na nane, mwanangu. Mvua ilitukimbiza, tukavuna mapema kabla ya kuoza."

"Na siku ya kufunga ilisoma ngapi?"

"Nane. Si ndiyo inatakiwa nane?"

Nilimwomba tutoke nje. Alishangaa, akadhani nina haraka ya kuondoka. Tulisimama chini ya mwarobaini wa uani nikamweleza, na yale niliyomweleza ndiyo nawaeleza hapa. Alikuwa ameipata namba hiyo kwa mwenzake wa kikundi, na mwenzake aliipata kwa kijana aliyewauzia kifaa. Huyo kijana, nadhani, aliwahi kumwona mtu aliyeanzia ishirini na mbili akamaliza kwenye nane, akachukulia kuwa nane ni namba ya kila mtu. Sina sababu ya kusema alidanganya. Aliona jambo la kweli, akalibeba bila mzizi wake.

Mzizi wenyewe ni huu. Unafungua kifuniko cha plastiki, unadondosha matone mawili juu ya kile kioo kilicholala mshazari, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuweka jicho. Ndani kuna duara, buluu juu na nyeupe chini, na pale rangi mbili zinapokutana pana mstari unaokata namba. Hiyo ndiyo briksi, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Brix wa karne ya 19. Briksi moja ni gramu moja ya sukari ndani ya gramu mia za juisi. Mchuzi wa briksi 22 una gramu 22 za sukari katika kila gramu mia, na ukichachuka wote utakupa mvinyo wenye pombe ya asilimia 12 au 13 hivi.

Ila kifaa hakionji sukari. Chukua kijiti ukitumbukize nusu kwenye glasi ya maji: utakiona kama kimevunjika pale kinapoingia majini. Mwanga umepinda. Ukiongeza sukari kwenye maji, unapinda zaidi. Kupinda huko ndiko ambako Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alikufanyia kazi alipotengeneza refraktomita zake katika miaka ya 1860 na 1870, na kifaa chako cha mkononi kinafanya kazi hiyo hiyo. Kinapima mwanga ulivyopinda, kisha kinakuandikia jibu kana kwamba kilichoupinda ni sukari peke yake. Kwa juisi mbichi kudhani hivyo hakuna shida kubwa, maana karibu vyote vilivyoyeyuka humo ni sukari.

Sasa tia hamira. Sukari inaliwa, pombe inazaliwa, na pombe nayo inapinda mwanga kuliko maji. Maji matupu yana kipimo cha 1.333. Spiriti tupu ina 1.361. Juisi yenye sukari 20 kwa mia ina 1.364. Yaani ukidondosha spiriti isiyo na chembe ya sukari kwenye kioo kile, kitakusomea briksi 18 hivi, na hutajua kuwa umedanganywa. Ndiyo maana mvinyo ulioanzia 22, hata baada ya hamira kula sukari yote ikamalizika kabisa, hausomi sifuri. Unabaki kusoma 6, 7 au 8. Namba hiyo ni pombe inayojifanya sukari.

Hapa ndipo nane ya yule mama inapotofautiana na nane ya jirani yake. Mvinyo ulioanzia 22 ukisoma 8 unaweza kuwa umekauka, au umebakiza sukari kidogo mno. Ulioanzia 18 umetengeneza pombe kidogo, kwa hiyo pombe hiyo haiwezi kuibeba namba hadi nane. Ukisoma 8, bado una kama gramu 20 za sukari katika kila lita, pengine zaidi. Namba ni ile ile kwenye kioo kile kile, lakini chupa moja unaweza kuiweka mezani na nyingine haifai hata kusimama karibu nayo. Na yule aliyeanzia 22 akafunga kwenye 10, kwa kuwa mtu alimwambia "chini ya kumi na mbili inatosha", ana karibu gramu 30 kwa lita.

Gramu 20 kwa lita ni nini? Weka vijiko vitano vya chai vya sukari kwenye chupa ya lita moja, kisha ifunge pamoja na hamira hai. Hamira haihitaji ruhusa. Inakula, inatoa pombe na gesi, na gesi haina pa kutokea. Kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza ndani ya chupa presha inayokaribia ile ya hewa yote inayotuzunguka. Gramu 20 ni mara tano. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa mara mbili hivi. Wafaransa wanaotengeneza shampeni huweka gramu 24 za sukari kwa lita kwa makusudi ili wapate gesi yao, lakini chupa zao ni za kioo kinene kizito chenye kitako kilichobonyea ndani, na kizibo kimefungwa kwa waya. Chupa zetu tunaziokota baada ya sherehe. Nyingine zina mkwaruzo usiouona, nyingine zimeshagongana kreti kwa kreti miaka mitatu. Na kizibo cha kusokota ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu kizibo cha gome kikizidiwa huruka na chupa ikapona, lakini cha kusokota hung'ang'ania mpaka kioo chenyewe kinakata.

Kuna jambo la hapa kwetu linaloifanya hatari hii iwe mbaya kuliko inavyosomwa kwenye vitabu vya nchi za baridi. Tunavuna mara mbili. Mchuzi wa Februari na Machi mara nyingi una sukari ndogo, kwa sababu mvua zinanyesha, ukungu unapanda majani na vichala, na mkulima anaona afadhali avune mapema kuliko kuvuna uozo. Mchuzi huo unachachuka hadi Mei, halafu Juni na Julai inaingia baridi ya Dodoma. Nyuzi joto 13 usiku, upepo unapita chini ya mlango, ndoo iko sakafuni. Hamira inasinzia. Mpira wa hewa unaacha kutoa mapovu, mvinyo unatulia na kung'aa, na mtu anasema umekwisha. Anafunga. Miezi miwili au mitatu baadaye, chini ya bati la Oktoba lenye joto la kukausha nguo ndani ya saa moja, hamira inaamka ikiwa imefungiwa na chakula chake. Joto hilo hilo linaikamua gesi kutoka kwenye mvinyo na kuisukuma juu kwenye shingo. Chupa iliyokaa kimya tangu Julai inaweza kupasuka mchana mmoja wa Oktoba bila mtu kuigusa. Kwa hiyo ukiniambia "zangu zina miezi mitatu na hazijafanya kitu", sitapumua.

Refraktomita basi ina wakati wake, na wakati huo ni kabla ya hamira. Itumie shambani na siku ya kukamua, uitumie vizuri. Usipime zabibu moja iliyokuvutia macho kwa weusi wake. Chuma punje mia kutoka mistari tofauti, juu na chini ya vichala, upande wa jua na wa kivuli, uzisage pamoja, uchuje, upime hiyo. Anza kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, au ya chupa ya maabara kama unayapata, na ule mstari ukae kwenye sifuri. Usipokaa, zungusha skrubu ndogo ya juu mpaka ukae. Juisi iliyotoka kwenye ndoo iliyoshinda juani usiipime hapo hapo. Kifaa kinachojirekebisha chenyewe kwa joto hufanya hivyo kati ya nyuzi 10 na 30, na mchuzi wa saa nane mchana unaweza kuzidi hapo. Ukiongeza sukari, koroga hadi iyeyuke yote ndipo upime, la sivyo utasoma juisi ya juu na sukari imelala chini. Futa kioo kwa kitambaa laini chenye maji, si kwa ncha ya kanga yenye vumbi, maana vumbi la Dodoma linakwaruza. Na unaponunua, angalia mizani inaanzia wapi. Vipo vya asali vinavyoanzia juu ya 50, vipo vya maji ya betri, na vyote kwa nje vinafanana.

Kisha andika namba uliyoanzia. Iandike juu ya pipa kwa kalamu ya wino mzito, na tarehe. Wengi hawaiandiki, na bila namba hiyo hata mtaalamu hawezi kukusaidia chochote baadaye.

Mapovu yakianza, refraktomita irudi kwenye boksi lake. Ziko hesabu za kusahihisha, unaweka namba ya mwanzo na ya sasa ukapata makadirio, na mimi nazitumia kujua kama uchachukaji unaendelea au umekwama. Kwa kufunga chupa sizitumii. Zinakosea kwa kiasi kinachotosha kuacha gramu kumi na kitu za sukari, na gramu kumi na kitu ni mara tatu ya hewa.

Cha kufungia chupa ni haidromita. Ni kile kijiti cha kioo chenye uzito chini, unachokiacha kielee kwenye mchuzi ndani ya silinda ndefu. Bei yake huwa chini kuliko ya refraktomita, na nashangaa kwa nini watu wananunua ile nyingine kwanza. Nadhani ni kwa sababu ile unaweka jichoni na unaonekana mtaalamu. Haidromita inapima uzito. Maji ni 1.000. Sukari inaufanya mchuzi uwe mzito, kijiti kinaelea juu: mchuzi wa briksi 22 unasoma 1.090 hivi. Pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mvinyo uliomaliza sukari unazamisha kijiti chini ya 1.000, kati ya 0.990 na 0.996. Ona vizuri hapo: 1.000 si mwisho. Mvinyo unaosoma 1.000 bado una sukari, ila pombe imeifunika.

Mtu asije akasema haidromita haina hila, inazo mbili. Ya kwanza ni gesi. Mvinyo unaochachuka una mapovu, nayo yanang'ang'ania kwenye kijiti na kukiinua. Mimina sampuli kutoka glasi hadi glasi mara kadhaa hadi itulie, kisha zungusha kijiti kwa vidole ukiache kisimame chenyewe. Ya pili ni joto letu. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Mvinyo wenye nyuzi 30 umevimba na kuwa mwepesi, kijiti kinazama zaidi, na unasoma pungufu kwa elfu mbili hadi tatu. Maana yake joto la Dodoma linakuonyesha mvinyo mkavu kuliko ulivyo, na kosa hilo linakuvuta upande wa hatari. Weka silinda kwenye beseni la maji ya mtungi kwa robo saa. Jicho liwe usawa wa mvinyo, usome pale chini kabisa kwenye mbonyeo, usisome pembeni ulikopanda kwenye kioo.

Ukisoma 0.996 au chini, usifunge siku hiyo. Pima tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Namba zisipocheza, na ndoo imekaa mahali penye joto la kawaida, si kwenye baridi ya Julai, hapo zungumza habari ya chupa. Namba ikigoma kwenye 1.005 au 1.010, uchachukaji umekwama. Huo nao si mvinyo wa kufunga, hata ukae kimya mwezi mzima.

Kwa wasiokuwa na haidromita leo na hawana pa kuipata kesho, kuna kinga ya bure, na hata wenye nayo waifanye. Kila unapofunga chupa za kioo, jaza na chupa moja ya plastiki ya soda kutoka pipa lile lile, ibonyeze kutoa hewa, ikaze, iweke pamoja na zile. Ibonyeze kila asubuhi. Ikiwa laini kama ulivyoiacha, wenzake wako salama mpaka hapo. Siku ikigoma kubonyea, ikawa ngumu kama mpira wa miguu, zile za kioo zina hali hiyo hiyo ila haziwezi kukuambia.

Lingine nalisema kwa sababu lilinipata mwenyewe. Wateja wetu wengi wanapenda mvinyo mtamu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mvinyo mkavu kabisa, 0.994, nimeupima vizuri, sina wasiwasi. Siku ya kufunga nikayeyusha sukari nikaongeza ili mteja afurahi, vijiko viwili vya chakula kwa chupa, nikafunga. Niliona sukari imekuwa kitu cha ladha tu, nikasahau kuwa hamira ilikuwa bado humo, imetulia kwa kukosa chakula. Siku ya kumi na tisa niliingia stoo kutafuta jembe. Sauti yake ilikuwa kama mtu amepiga bati kwa rungu. Chupa moja ilipasuka, na vipande vyake vikazipiga mbili za jirani zikapasuka nazo. Kovu liko mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko kuja chini, na kipande kimoja nilikikuta kimezama kwenye mlango wa mbao usawa wa kichwa changu. Mtoto wa dada yangu alikuwa ametoka humo dakika chache kabla.

Anayetaka kuuza mvinyo mtamu lazima kwanza aizuie hamira. Kuna potasiamu sobeti inayotumiwa pamoja na potasiamu metabisalfaiti, kwa vipimo vinavyopimwa kwa mizani ya gramu, na kwa mvinyo uliokwisha kuchachuka na kuchujwa tu, kwa sababu sobeti haiui hamira iliyo kazini, inaizuia isizaane. Kuna kuchuja kwa vichujio vinavyonasa hamira, kama wafanyavyo viwandani. Ukiwa huna mizani wala kichujio, uza mvinyo mkavu, na mteja atie sukari kwenye glasi yake. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Makutupora, na wa shirika la viwanda vidogo, SIDO, wako hapa hapa Dodoma. Waulize kabla, uende na namba zako mkononi.

Kosa la refraktomita lina upande wa pili ambao haumwagi damu, nitaupitia upesi. Mtu aliyeanzia 24 anaona kifaa kimegoma kwenye 8, anadhani sukari imebaki. Anaongeza hamira, anafunua kila siku, anakoroga, anafunua tena. Sukari ilishakwisha wiki mbili nyuma. Anachofanya ni kuuingizia mvinyo hewa, na bakteria wa siki wanaoishi kwenye hewa hiyo na kwenye miguu ya nzi wa matunda wanapata walichokuwa wakikisubiri. Nimeonja pipa zima la Makutupora Red lililouawa hivyo, mvinyo mzuri, lita zaidi ya mia, umeishia kwenye kachumbari. Wengine wanaandika hata kwenye lebo "sukari asilimia 8" wakati ndani hamna, na anayesoma lebo hiyo anaweza kuwa mgonjwa wa kisukari au mkaguzi.

Turudi kwenye chupa zilizoko ndani sasa. Usizihamishe mchana. Usizimwagie maji ya baridi zikiwa na joto, kioo kitashtuka. Zifunike kwa blanketi zito au magunia ukiwa umesimama pembeni, funga mlango, subiri alfajiri, saa kumi na moja, chumba kikiwa kimepoa. Vaa koti nene, glavu za ngozi, na miwani ya plastiki ya mafundi wanaokata vyuma, ile inayofunika hadi pembeni. Ya jua haitoshi. Anza na moja. Izungushie taulo nzito mara mbili, ielekeze mbali na uso wako na wa mwenzako, legeza kizibo kidogo sana, usikie. Ikilia, acha ipumue, kaza, legeza tena, mpaka iishe. Moja ikilia, chukulia kuwa zote za pipa hilo ziko hivyo. Chupa yenye kizibo kilichovimba au inayovuja shingoni usiishike kabisa, iache chini ya blanketi lake na mlango ufungwe. Mvinyo wa hizo ulizofungua hauharibiki: urudishe taratibu kwenye ndoo safi yenye mpira wa hewa, uweke mahali penye joto la wastani, umalizie kazi yake.

Za yule mama tulizifungua Jumamosi alfajiri, yeye, mimi na kijana wake, kwa tochi za simu. Zilikuwa chupa 43. Zote zililia. Mbili zilitoa povu lililofika kwenye dari ya bati. Sampuli tuliyoipoza kwenye beseni ilisoma 1.008, na mama alikishika kile kijiti cha kioo muda mrefu, anakitumbukiza, anakisoma, anakitoa, anakitumbukiza tena, hasemi neno. Kisha akaingia ndani akarudi na daftari la mauzo.

Chupa 24 zilikuwa zimeshatoka kabla yangu. Nyingine zilichukuliwa na ndugu waliokuja kwenye msiba, nyingine zilinunuliwa na abiria barabarani, na sita zilipanda treni kwenda Dar es Salaam kama zawadi. Kufikia usiku wa jana tulikuwa tumezipata 19 kwa simu. Tano hatujui ziko wapi. Ni chupa za kahawia za pombe kali, za mililita 750, hazina lebo, zina kizibo cheusi cha kusokota na utepe mwekundu wa kitambaa shingoni. Kama unayo, au umeiona kwenye kabati la mtu, mpigie sasa hivi, umwambie asiifungue mezani na asiitikise, aifunike blanketi mahali ilipo mpaka alfajiri.

Kikundi chao kina watu 11. Wote walipewa namba ile ile.